Nani Afungue Mlango wa Kaya?

Zimepita zama ambapo mkazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi alipotaja safari alimaanisha kwenda mashambani wakati wa Krismasi, au kusindikiza maiti kwao. Leo hapa Donholm, kuanzia Savannah hadi Phase 8, vyama vya akina mama, walimu waliostaafu na jamaa wanaosali pamoja hudunduliza fedha zao mwaka hadi mwaka, kisha hupanda ndege kwenda Unguja, Dubai, Makka na Yerusalemu, na wamo, ingawa ni wachache, waliofika hata Bhutan, ufalme mdogo uliojitenga katika milima ya Himalaya baina ya India na Uchina. Mimi ni miongoni mwa hao wachache. Tangu nirudi nimeulizwa mengi kuhusu baridi ya huko, chakula cha huko na gharama zake, na maswali hayo yote nimeyajibu kwa furaha. Lakini liko jambo moja ambalo sikuulizwa na mtu, nalo ndilo lililonikalia moyoni hata nikaona ni wajibu wangu kuliandika gazetini: kwamba katika nchi ile mlinzi wa mahali patakatifu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mgeni, aingie wapi, aingie kwa adabu gani, na wapi asiingie kabisa, ilhali kwetu Kenya wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya pwani, na wazee wa mlima wanayo kauli hiyo kwa desturi tu, pasipo nguvu yoyote ya kuitimiza.

Nianze na nchi yenyewe, maana si wengi wanaoijua. Eneo la Bhutan ni kilomita za mraba 38,000 na ziada kidogo, na watu wake hawatimii milioni moja, yaani ni wachache kuliko wakazi wa Embakasi, ambayo Donholm ni kitongoji chake. Hakuna ndege iendayo huko moja kwa moja kutoka Nairobi; msafiri hupitia Delhi, Kathmandu au Bangkok, na ndege humwinamisha baina ya vilima hata akaziona nyumba za wakulima ubavuni mwake badala ya chini yake, kwa kuwa kiwanja cha Paro kimebanwa na milima pande zote, na marubani walioruhusiwa kutua hapo ni wachache mno, nao hutua mchana tu. Nchi nzima ni mabonde yaliyotengwa na milima: Paro, Thimphu, Punakha, Phobjikha, Bumthang, na kutoka bonde moja hadi jingine gari hupanda kwa kujipindapinda mpaka kwenye mapito yenye ukungu, ambako watu wamefunga kamba za bendera za dua, za buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano, ili kila upepo uvumapo uzichukue dua hizo na kuzieneza mabondeni. Katika pito la Dochula, baina ya Thimphu na Punakha, vimesimama vihekalu 108 vilivyojengwa mwaka 2004, na siku ya anga safi mtu huweza kuiona kutoka hapo safu ya theluji iliyo mpaka wa kaskazini.

Mabonde hayo yaliunganishwa kuwa dola moja katika karne ya 17 na mtawa aliyekimbia kutoka Tibet mwaka 1616, Zhabdrung Ngawang Namgyal, ambaye kila alipolitia bonde mkononi alijenga ngome waiitayo dzong, nusu yake ikiwa makao ya serikali na nusu ya pili makao ya watawa. Desturi hiyo haijavunjika hata leo. Ngome ya Punakha, iliyojengwa mwaka 1637 mahali ambapo mito miwili, Pho Chhu na Mo Chhu, hukutana, ilikuwa makao makuu ya nchi mpaka katikati ya karne iliyopita, na ndani yake mgeni hupishana na karani aliyebeba mafaili na kijana mtawa aliyevaa joho jekundu, wote wawili wakiharakia kazi zao. Nilipoyaona hayo nilifahamu kwamba watu wale hawakupata kuitenga ibada na utawala kama tulivyofundishwa sisi kuvitenga, na kwamba serikali yao inapotunga kanuni juu ya hekalu huwa inatunga kanuni juu ya chumba cha pili cha nyumba yake mwenyewe.

Aghalabu mgeni huiweka Bhutan akilini mwake kwa sura ya mahali pamoja, nyumba ya watawa ya Taktsang, ambayo imeng'ang'ania jabali lililo juu ya bonde la Paro kwa mita zipatazo 900. Wenyeji husimulia kwamba Guru Rinpoche, mwalimu aliyeleta dini ya Kibudha katika nchi hizo katika karne ya 8, alifika pangoni hapo akiwa juu ya mgongo wa chui milia wa kike arukaye angani, akakaa humo kwa tafakuri; na juu ya pango hilo ndipo ilipojengwa nyumba ya ibada mwaka 1692. Moto uliiteketeza mwaka 1998, na ufalme mzima ukajikusuru kuijenga upya kwa ramani ile ile, mbao zikipandishwa jabalini mahali ambapo mtu mwenye mikono mitupu huhema. Njia ya kupanda hupita katika msitu wa misonobari, na kwa mtu aliyezoea tambarare za Jogoo Road kila hatua huwa ni hesabu ya pumzi, hata akatamani kukaa kila penye jiwe. Kisha njia hushuka ngazi hadi kwenye maporomoko ya maji, hupanda tena, na ghafula mlango wa nyumba uko mbele yako.

Hapo mlangoni pana chumba kidogo chenye makabati, na hapo ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji. Kila aingiaye huvua kofia na viatu, na hukabidhi mkoba wake, kamera yake na simu yake, bila ya kujali cheo chake wala umbali aliotoka. Na mbele yangu alikuwapo mtu mmoja mgeni, mwenye kamera ya thamani kubwa iliyomninginia kifuani, aliyemweleza askari wa zamu kwa Kiingereza kizuri kwamba amevuka bahari mbili kwa ajili ya picha ya humo ndani, na kwamba yu tayari kulipa ziada. Askari alimsikiliza mpaka mwisho kwa upole, asimkatize, kisha akamfungulia kabati na kumpa ufunguo. Hapakuwa na mabishano, wala sauti haikupandishwa. Tuliingia sote, na mtawa mzee akatumiminia kiganjani maji yenye harufu ya zafarani, tukayanywa kidogo na yaliyobaki tukajipaka utosini kama alivyotuonyesha. Zilikuwapo taa za siagi, harufu ya ubani, na sanamu ambazo macho yalichukua muda kuzipambanua gizani. Sina picha hata moja ya yale niliyoyaona, na sijapata kujuta kwa hilo, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa nimesimama na watu wengi mahali pa ajabu pasiwe na mmoja wao aliyenyoosha mkono kuelekeza kioo.

Uwezo wa askari yule wa kumkatalia mgeni haukutokana na ukali wake. Aliweza kwa sababu nyuma yake ilisimama nchi nzima. Na nchi hiyo imekataa makubwa kuliko picha. Mlima mrefu kuliko yote ya Bhutan, Gangkhar Puensum, wenye mita 7,570, haujapata kukanyagwa kileleni na binadamu. Walikuja wapanda milima katika miaka ya 1980 wakashindwa. Kisha mwaka 1994 serikali ikapiga marufuku kupanda kilele chochote kinachozidi mita 6,000, kwa kuwa wakulima wa mabondeni huamini kwamba huko ndiko makao ya wenye kulinda ardhi yao, na mwaka 2003 ikafunga upandaji wa vilele wa namna hiyo moja kwa moja. Hebu na tulipime jambo hilo kwa insafu. Dunia nzima ilikuwa tayari kulipa fedha nyingi kwa heshima ya kuwa wa kwanza juu ya mlima huo, na ufalme maskini, usio na bandari wala viwanda vya kutajika, ulizitazama fedha hizo na kuziacha, kwa ajili ya imani ya wakulima wa mabondeni.

Najua kwamba wasomaji wengi watanikumbusha hapa habari ya ada, maana Bhutan imejulikana duniani kwa bei yake kuliko kwa dini yake. Milango ya nchi ilifunguliwa kwa watalii mwaka 1974, alipotawazwa mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck. Na tangu zamani mtalii wa kutoka mbali ametozwa ada ya siku, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 65, ikapandishwa hadi dola 200 mwezi wa Septemba mwaka 2022, kisha ikateremshwa hadi dola 100 mwaka uliofuata wageni walipopungua. Wahindi hulipa rupia 1,200 tu, kwa ajili ya ujirani. Fedha hizo huingia katika hazina ya taifa, na matibabu na masomo ya raia hupata fungu lake. Ada hii ina faida zake, nami niliilipa bila ya kinyongo, lakini yeyote anayedhani kwamba ada ndiyo siri ya Bhutan amekosea, kwa sababu bei peke yake humchuja maskini na kumpitisha tajiri na adabu zake mbaya. Yule bwana mwenye kamera alikwisha kuilipa ada yote, tena alitaka kuongeza. Kilichomzuia ni kanuni.

Wala sipendi nionekane nimerudi na sifa tupu. Ufalme huu, ambao mfalme wake alitamka kwamba furaha ya raia ni bora kuliko pato la nchi, ndio huo huo ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwasukuma nje raia wake wenye asili ya Kinepali, wanaoitwa Lhotshampa, zaidi ya watu 100,000, kwa jina la kuhifadhi lugha, mavazi na dini ya taifa. Wakaishi katika makambi ya mashariki ya Nepali kwa miaka mingi, mpaka wengi wao walipochukuliwa na Marekani na nchi nyingine kuanzia mwaka 2007. Sisi tunaoijua Dadaab na Kakuma hatuna haki ya kulipita jambo hilo kimya. Nalitaja kwa sababu ndiyo hatari ya kila mwenye kulinda: leo humzuia mgeni asiyevua viatu, kesho humzuia jirani ambaye jina lake halifanani na lake. Kwa hiyo ninaposema tuwape walinzi wetu nguvu ya kufunga mlango, nasema iwe nguvu juu ya mahali palipojulikana mipaka yake, msitu huu au kilele kile, isiwe juu ya watu wala juu ya nchi.

Sasa na turudi kwetu. Asubuhi za mwezi wa Januari, kabla moshi wa magari ya Outer Ring haujatanda, mtu akipanda juu ya paa la ghorofa hapa Donholm huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, mweusi chini na mweupe kidogo juu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ukafunikwa. Ndio Kirinyaga ambayo wazee wa Kikuyu huielekea wanapoomba, na ambayo Jomo Kenyatta aliiweka katika jina la kitabu chake cha mwaka 1938. Mlima huo umepandwa na watu wa kila namna. Mwingereza Mackinder alifika kileleni mwaka 1899 na kuviita vilele Batian, Nelion na Lenana, kwa majina ya maloibon, yaani viongozi wa ibada, wa Kimasai. Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya mateka ya Nanyuki mwaka 1943 ili waupande tu, kisha wakarudi wenyewe kwa mlinzi. Na usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera yetu kwenye kilele cha Lenana. Tangu 1949 ni hifadhi ya taifa, na tangu 1997 umo katika urithi wa dunia. Katika historia hiyo yote nimetafuta mahali ambapo wazee waliouomba mlima huo kabla ya Mackinder kuzaliwa waliulizwa shauri lao juu ya njia, juu ya siku, juu ya kelele na juu ya takataka, nami sikupaona.

Sisemi Lenana ifungwe. Bendera ya uhuru ilipandishwa pale, na kijana wa Kenya anayepanda kwa miguu yake mwenyewe kuliona jua likichomoza upande wa Meru amepata elimu ambayo darasa haliwezi kumpa. Nasema kwamba mlima wa namna hiyo ungeweza kupumzishwa siku chache kila mwaka, siku watakazozichagua wazee wa Kikuyu, wa Embu na wa Meru kwa ajili ya ibada yao, malango yakafungwa na wapagazi wakalipwa ujira wao wa siku hizo kutokana na ada ya watalii, asiwepo wa kulala njaa kwa sababu ya dua ya mwenzake.

Lakini kesi kubwa zaidi iko pwani, katika makaya ya Wamijikenda. Haya ni mabaki ya misitu ambamo mababu wa makabila tisa waliishi ndani ya maboma tangu karne ya 16, wakayahama hatua kwa hatua mpaka miaka ya 1940, wakayaacha kuwa mahali pa makaburi, pa fingo, yaani hirizi za kuilinda kaya, na pa maombi. Na kwa kuwa ilikuwa haramu kukata mti humo, misitu hiyo imesalia kama visiwa vya kijani katika nchi iliyolimwa na kujengwa pande zote. Serikali ilianza kuyatangaza kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu akitaka kujua kwamba hatuhitaji kwenda Himalaya kujifunza adabu ya mahali patakatifu, na aende Kaya Kinondo, mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani.

Nilikwenda huko baada ya kurudi Bhutan, makusudi ili nilinganishe. Mwongozaji, kijana wa Kidigo mwenye sauti ya taratibu, alitukusanya chini ya mti nje ya msitu na kumfunga kila mmoja wetu kaniki kiunoni, wanaume kwa wanawake, akaikaza kwa fundo lile lile lisilofunguka ovyo. Akatwambia kwamba hatutang'oa jani wala kuokota kokoto, hatutabusiana, hatutapiga kelele, na kwamba tutakapofika mahali atakaposimama yeye nasi tutasimama, hata kama njia inaonekana kuendelea. Mama mmoja katika kundi letu, mtu wa Nairobi kama mimi, alimuuliza kwa nini asitupeleke mbele kidogo tu. "Mama, huko ni kwa wazee," akajibu, na hakuongeza neno. Tulisimama hapo tukiangalia mizizi iliyoyakumbatia mawe ya matumbawe, na mbele yetu njia nyembamba ikiingia kivulini. Nilimkumbuka yule askari wa Taktsang na ufunguo wake, nikaona kwamba adabu ni ile ile na heshima ni ile ile, isipokuwa kijana huyu nyuma yake hakusimama mtu: lau yule mama angeamua kupita kwa nguvu, au lau angekuja mwenye hati ya kiwanja na tingatinga, kijana na wazee wake wangebaki na dua zao.

Wala siwazi mambo ambayo hayajapata kutokea. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo ya Wagiriama kwa baruti, wakidhani kwamba wakiuvunja mlango wa kaya watavunja na upinzani ambao Mekatilili wa Menza aliuwasha mwaka mmoja kabla. Walikuwa wageni, na walijua sawasawa wanachokivunja. Baada ya uhuru tumeyafanya mengine sisi wenyewe kwa kalamu: kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya ya Wadigo, sehemu yake imejengwa hoteli ya watalii, na pembezoni mwa makaya mengine viwanja vimekatwa na matumbawe yamechimbwa. Vigango, yaani nguzo za mbao ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu waliofariki, vimeng'olewa usiku na kuuzwa, vikapamba sebule na majumba ya makumbusho ya Marekani, hata jumba moja la Denver lilipoona haya likakubali kurudisha vigango 30. Fikiri, msomaji, kama ng'ambo ya bahari imekuwa na soko la ukumbusho wa marehemu wako, na hapa nyumbani hapakuwa na askari hata mmoja wa kumzuia mwizi njiani.

Ziko hoja mbili ambazo husikika kila jambo hili linapotajwa, na nitazijibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Ya kwanza ni ya dini: kwamba kaya ni ushirikina, na kwamba nchi ya waumini haipaswi kuipa nguvu ya sheria. Nimeisikia kanisani hapa Donholm na nimeisikia kutoka kwa Waislamu ninaowaheshimu. Najibu kwamba aghalabu ya Wadigo ni Waislamu, na wako wazee wanaosali Ijumaa msikitini kisha wakaitunza kaya siku nyingine, bila ya kuona kwamba wamemkosea Mungu kwa kumlindia miti yake na makaburi ya babu zao. Na kwamba hakuna atakayelazimishwa kuamini lolote, kama mimi ambavyo sikulazimishwa kumwamini Guru Rinpoche nilipovua viatu mlangoni pake. Neno hilo hilo la ushirikina, likitamkwa ovyo, limekuwa na matunda machungu mno huko Kilifi, ambako wazee huuawa na jamaa zao wenyewe kwa kutuhumiwa uchawi, wengine bila ya kosa lolote ila mvi zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pana tamaa ya shamba. Kila mzee anayeuawa huondoka na maarifa ya kaya ambayo hayakuandikwa popote. Mwaka 2009 mila za makaya ziliwekwa katika orodha ya dunia ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Sijui ni haraka gani inayopita hii.

Hoja ya pili ni ya fedha: kwamba kaunti zina njaa, na kwamba anayefunga mlango anafunga riziki. Hoja hii haina msingi katika nchi ambayo imekwisha kukubali kwamba kitu adimu huuzwa ghali. Tangu Julai 2024 mtalii wa kigeni hulipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara katika miezi ya msimu, na magari hayajakoma. Ikiwa tunaweza kumtoza mgeni kiasi hicho ili amwone simba akilala chini ya mti, twaweza pia kumtoza ada ya haki kwa kusimama katika msitu uliolindwa na watu kwa karne nne, mradi sehemu ya kwanza ya ada hiyo, kabla ya kaunti na kabla ya mwenye basi la watalii, iwafikie wazee wa kaya na vijana wanaowaongoza wageni. Na watoto wa shule za Kenya, hawa wa Donholm na Umoja na Kayole wanaolijua neno kaya kwa kusoma tu, waingie bure kwa zamu, wakiwa na kaniki viunoni mwao.

Tumeshaonyesha kwamba tunaweza tukitaka. Mwezi wa Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipofika Waiyaki Way na kuukuta mugumo mkubwa wa zaidi ya miaka mia, mti ambao kwa Wakikuyu ni mahali pa ibada, watu walipiga kelele na amri ya Rais ikatoka kwamba mti usikatwe, ukaachwa. Barabara ya mabilioni ikajipinda kwa ajili ya mti mmoja. Niliona fahari siku ile. Lakini kaya haziko kando ya barabara kuu ya mji mkuu, hazina kamera za habari wala wapita njia wenye hasira, na haiwezekani kila msitu ungoje amri yake ya Rais.

Ninachoyaomba mabunge ya kaunti za Kwale na Kilifi, pamoja na Makumbusho ya Taifa, ni kanuni iliyoandikwa na kutiwa sahihi: mipaka ya kila kaya ipimwe na kuwekewa alama mbele ya wazee wake, kamati ya wazee itambuliwe kisheria kuwa ndiyo yenye kuruhusu na kukataza ndani ya mipaka hiyo, mwongozaji awe mtu wa kaya yenyewe, picha zisipigwe pale wazee watakapokataa, na anayepita alama kwa nguvu ashitakiwe kama anayeingia hifadhi ya taifa bila ya kibali. Na wazee wa kaya yoyote wakiketi wakakata shauri kwamba kwao hapaingii mtalii kabisa, awe mgeni mwenye dola au mimi mkazi wa Donholm, basi shauri hilo nalo liandikwe katika kanuni, kibao kisimamishwe njiani kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyewe, na askari wa kaunti apewe amri ya kulilinda kwa bidii ile ile inayotumika kulinda malango ya Mara.